Mpini wa Kitara

Damasi tumemzika Jumanne iliyopita huko Mnero, Nachingwea, na mimi nilikwenda. Watoto wangu hapa Ruangwa waliniuliza nakwenda kumzika nani, nikawajibu kwamba ni mtani. Sikusema uongo. Ukoo wa baba yangu na ukoo wa akina Damasi ni watani tangu zamani, na mtani haombi ruhusa kwenda msibani; anakwenda, anakula, anatukana, anarudi kwake. Lakini ukweli wote ni kwamba nilipokuwa na miaka ishirini nilikaa mwaka mmoja Mnero, na katika mwaka ule Damasi ndiye mwanamume niliyetaka kuzaa naye. Nilimkosa. Kwa zaidi ya miaka thelathini nimelisimulia jambo hilo kama kosa la mjomba wake, na nimelisimulia vizuri, maana kusimulia ndiyo kazi iliyonilisha. Nimekuwa mwalimu wa historia hadi nilipostaafu. Sasa naona ni haki nilisimulie upya, mara hii bila kujipendelea, ingawa sina hakika kama nitaweza.

Nilifika Mnero kama mwalimu wa muda wa shule ya msingi, nikisubiri majibu ya chuo cha ualimu. Baba alinipangia nikae kwa Mzee Kasiani, katekista mstaafu, kwa sababu mtu hawezi kukosa pa kulala kwenye mji wa watani zake. Nyumba ile hata leo nikifumba macho naingia ndani yake bila kujikwaa. Sebule ilipakwa chokaa, ilikuwa na viti vinne vya mninga na redio iliyofunikwa kitambaa cha kufuma, na mlango wa vyumbani ulikuwa na pazia la kanga iliyochakaa. Kuta za ndani hazikufika kwenye paa. Ziliishia juu kidogo ya kichwa cha mtu, kwa hiyo neno lililosemwa sebuleni lilisikika vyumba vyote, na watu wa nyumba ile walikuwa wamezoea kusema mambo yao bila kujali nani anasikia. Nililala kitanda kimoja na Rozi, binti wa mwisho wa mzee, tuliyelingana naye umri. Chakula cha wanawake kililiwa jikoni: ugali wa muhogo, kisamvu cha karanga, mbaazi zilipokuwepo. Bibi Tekla, dada yake mzee na mama yake Damasi, alikuwa mjane, akikaa kibanda cha nyuma. Yeye ndiye aliyeniletea ming'oko ya kuchemsha akitoka kuichimba porini, na kila mara aliniwekea ile minene, akisema mwalimu anatumia kichwa, na kichwa kinahitaji chakula.

Juu ya ule mlango wenye pazia, kwenye misumari miwili, kililala kitara. Nilikuwa sijawahi kuona upanga uliopinda namna ile. Ulikuwa ndani ya ala ya ngozi ya mbuzi iliyoshonwa nyumbani, kilichoonekana ni mpini tu: pembe nyeusi, kichwa kilichopinda kama mdomo wa kasuku, misumari midogo ya fedha mitatu, na kipande cha chuma kilichozunguka kukinga vidole. Kila mwaka darasa la tano lilipofika kwenye somo la Majimaji, mwalimu wao aliwaleta kwa Mzee Kasiani. Mzee alivaa koti lake jeusi la Jumapili, akakiteremsha kitara, akakishika kwa mikono miwili mbele ya watoto waliokaa chini, akasimulia jinsi babu yake alivyomwangusha Mjerumani kwenye farasi na kuondoka na kitara chake. Hakukichomoa. Alisema chuma kilichokunywa damu hakichomolewi ndani ya nyumba yenye wanawake na chakula. Watoto walitoka pale wakitembea kifua mbele, na hata mimi nilipomsikia mara ya kwanza nywele zilinisimama. Lakini nilikuwa na maradhi ya watu wanaofaulu mitihani. Kwenye kitabu cha historia cha sekondari nilikuwa nimeona picha ya bwana mmoja wa misafara ya watumwa, amekaa kitini na kitara ubavuni, na mpini wake ulikuwa na kichwa kama kile.  Niliweka akilini, kama mtu anavyoweka sindano kwenye upindo wa nguo, bila kujua itahitajika lini.

Damasi alikuwa fundi baiskeli pale sokoni, mtu wa maneno machache na mikono yenye grisi hadi kwenye viwiko. Sitaandika mengi juu ya mapenzi yetu. Yalikuwa ya kawaida na yalitutosha. Ilipofika wakati mabibo yanaanza kuiva, alimwomba mama yake aseme na mjomba, maana kwetu upande huu mjomba ndiye mwenye neno la mwisho juu ya mpwa wake, na Bibi Tekla akaenda sebuleni mchana mmoja baada ya chakula. Mimi nilikuwa chumbani nasahihisha madaftari. Rozi alikuwa kando yangu anasuka ukili, na vidole vyake vilisimama kabla ya vyangu.

"Yule binti hana ubaya," alisema Bibi Tekla. "Ana adabu, ana kazi yake."

"Hata mbuzi hana ubaya," alijibu Mzee Kasiani, kwa sauti ile ile ya kufundishia katekisimu. "Mama wa bibi yake alinunuliwa kwa kaniki huko Mbwemkuru. Watu wazima wote wanajua. Aliyenunuliwa hana ukoo, ana mwenyewe. Watoto kwetu ni wa mama. Sasa wewe Tekla unataka wajukuu wako wakiulizwa kwenu wapi, waseme sokoni?"

Bibi Tekla alisema ni mambo ya zamani. Mzee akamwambia hata chuma chake kule juu ya mlango ni cha zamani, lakini bado ni chuma. Sikuwa nimewahi kusikia habari hiyo ya mama wa bibi yangu. Kwetu haikutajwa, na mara moja nikaelewa ni kwa nini haikutajwa, na kwa nini mama alikuwa akinyamaza wanawake wenzake wakianza kuhesabiana koo. Niliona aibu kali iliyonipa joto masikioni, na chini ya aibu nikaona hasira, na hasira ile, nakiri, ilinipa raha. Jioni tulipokuwa tunagawa chakula, mzee alipita jikoni, akaniangalia sahani, akasema, "Kula, mwanangu, umekonda." Alimaanisha kweli. Ndiyo maana nilimchukia kuliko kama angenifukuza.

Bibi Tekla alinifuata baadaye kisimani. Aliniambia kaka yake ana ulimi wa msumeno lakini moyo wake huchelewa tu kufika, nimpe muda, yeye atazidi kumsemesha. Nilimwitikia ndiyo bibi. Tayari nilikuwa nimekwishachora mpini wa kitara kwenye daftari langu la maandalio, nikiwa peke yangu sebuleni, kwa penseli, na misumari yake mitatu, na kila mpindo.

Lionja kulikuwa na fundi chuma aliyejulikana wilaya nzima, Mzee Mtalika, Mmakonde, mtoto wa fundi na mjukuu wa fundi. Alitengeneza majembe na shoka, na watu walimletea magobore yaliyokufa akayafufua. Damasi ndiye aliyenipeleka, kwa baiskeli. Nilimwambia nataka jembe la shamba la shule. Alinisubiri nje chini ya mkorosho akila mabibo, na mimi nikaingia kiwandani, penye moto na mivukuto, nikafungua daftari. Mzee Mtalika alifuta mikono, akaushika ule ukurasa mbali na uso kama wafanyavyo wazee, akatazama kwa muda. Akasema mpini huu ni wa pwani. Waliokuja na misafara ndio walioshika mipini ya namna hii. Pembe ikichongwa hivi, kichwa kikipinda hivi, mkono wenye jasho hautelezi. Mjerumani hakushika hivi. Baba yake alipata kuwa na mmoja kama huo humu humu kiwandani. Nilianza kufunga daftari kwa furaha, naye akaweka kidole katikati ya kurasa.

"Umeniletea mpini, mama," alisema. "Jembe halijulikani kwa mpini. Mpini ukivunjika tunatia mwingine, na jembe ni lile lile. Kaniletee chuma chenyewe, nikione mgongoni, ndipo nitakwambia ni cha nani."

Nilimwambia nitakileta. Nilijua sitakileta. Nilikuwa nimekuja kutafuta jibu moja na nilikuwa nimelipata. Nilinunua jembe ili nisionekane mwongo, na Damasi akalifunga nyuma ya baiskeli, tukarudi Mnero akinisimulia kwa nini minyororo ya siku hizi haidumu.

Bibi Tekla alifariki wiki chache baadaye. Aliumwa siku mbili, homa, akapelekwa zahanati, akarudishwa maiti. Nililia sana, na machozi yale yalikuwa ya kweli. Nasema hivi kwa sababu nilichokifanya siku ya maziko yake kinaweza kumfanya msomaji adhani sikuwa na machozi. Watani tulikuja kama desturi inavyotaka. Mwanamke mmoja wa kwetu alivaa gauni la marehemu akatembea kwa mwendo wake, na shangazi yangu alijilaza njiani akazuia jeneza lisipite mpaka apewe kitu. Waliofiwa walicheka huku wanalia, na ndiyo faida ya utani: huwezi kukasirika. Ukimkasirikia mtani msibani umeaibika wewe, na utalipa mbuzi. Nilikuwa nimesubiri nafasi hiyo kwa siku nyingi kabla ya kujua itatoka kwenye kifo cha nani. Tulipotoka makaburini, watu wakiwa wamejaa uwanjani na sahani mikononi, niliingia sebuleni nikavaa koti jeusi la Mzee Kasiani, nikakiteremsha kitara, nikatoka nacho nimekishika kwa mikono miwili.

Nilimwigiza vizuri. Nilikohoa kama yeye, nikawaambia watu wazima wakae chini kama darasa la tano, wakakaa, wameanza kucheka. Kisha nikasema, "Babu yangu hakumwangusha Mjerumani yeyote. Tazameni mpini huu. Ni wa mabwana wa misafara. Babu yangu alikuwa wakala wao, akiwatangulia njiani na kitara cha kuazima, akiwakusanya watoto wa watu. Ndiyo maana najua nani alinunuliwa kwa kaniki. Bei nilipanga mimi." Kicheko kilichotoka pale sijakisikia tena mahali popote. Mtu mmoja alimwaga mchuzi. Kila mtu alielewa, hata wale waliojifanya hawakuwahi kusikia habari za mama wa bibi yangu. Kijana mmoja akapaza sauti nikichomoe tukione. Nilishika mpini, kisha nikaacha. Nikasema chuma cha wakala hakina makali, wakacheka tena. Ukweli ni kwamba niliogopa. Sikuogopa damu ya mtu. Niliogopa chuma kisije kikanikana mbele ya watu.

Mzee Kasiani alicheka. Alitakiwa kucheka, naye alikuwa mtu wa desturi. Alinyoosha mkono nikampa kitara, akasema, "Mtani wangu umesema," akaingia ndani. Wiki iliyofuata watoto wa shule walianza kumwita Mzee Wakala, kwanza kwa mbali, halafu kwa karibu. Jina likashika. Mwaka uliofuata darasa la tano halikupelekwa tena. Mimi nilikuwa pale, ningeweza kukataza, na katika darasa langu mwenyewe nilisikia jina hilo likisemwa nikaendelea kuandika ubaoni. Damasi alikuja kuniona siku ya tatu baada ya maziko. Hakukaa. Mikono yake ilikuwa safi, na hiyo ilinitisha kuliko uso wake.

"Mjomba alikukosea wewe," alisema. "Wewe umetukosea sisi sote, na mama hajapoa kaburini."

Majibu ya chuo yalikuja kabla ya mvua kuisha, nikaondoka Mnero kwa lori la korosho. Rozi alinisindikiza mpaka barabarani, akanipa kifurushi cha ming'oko, na mimi kwa ujinga wangu nikadhani amenisamehe.

Niliolewa na mtu mwema, nikazaa, nikafundisha. Na kila mwaka nilipofika kwenye somo la namna tunavyojua yaliyopita, niliwasimulia wanafunzi habari za kitara cha Mzee mmoja wa Nachingwea. Niliwachorea ule mpini ubaoni, misumari yake mitatu, mdomo wa kasuku. Niliwaambia hadithi za kifamilia ni tamu lakini kifaa hakidanganyi; mzee alisema Mjerumani, mpini ukasema mfanyabiashara wa watumwa. Walilipenda somo lile. Baadhi yao sasa ni walimu, na nina hakika wanalifundisha, labda hata huko Mnero. Mzee Kasiani alikufa na jina lake la Wakala. Nilisikia habari za msiba wake nikajisingizia ugonjwa, jambo ambalo mtani hafanyi.

Basi Jumanne. Niliwakuta wanawake uani wanamenya muhogo, Rozi katikati yao, amenenepa, ana mvi, ana miwani ya kamba shingoni kama yangu. Tulikumbatiana tukalia kwa ajili ya Damasi. Baada ya maziko aliniita sebuleni. Chokaa ilikuwa mpya, viti vilikuwa vya plastiki, misumari miwili juu ya mlango ilikuwepo bado. Wanawake wengine walikuja nyuma yetu, na vijana wakajaa mlangoni, na ningepaswa kujiuliza kwa nini. Rozi aliniwekea magotini kitu kilichofungwa kwenye kitambaa. Akasema, "Baba aliacha neno. Alisema siku ukija, tukupe chuma mkononi."

Kilikuwa kitara bila mpini na bila ala, kimesuguliwa kwa mchanga na mafuta. Nilivaa miwani. Karibu na pale mpini ulipokuwa kulikuwa na jina la mji wa Ujerumani, na hilo halikunishtua, kwa kuwa miaka ile watu wa pwani walinunua chuma kutoka Ulaya wakakitia mipini yao. Hilo nimelisoma, na nimelifundisha. Kisha nikakumbuka maneno ya Mzee Mtalika, nikakigeuza nione mgongo wake. Hapo palikuwa pamegongwa taji dogo, na chini ya taji herufi moja ya mfalme wao, na chini yake namba mbili za mwaka. Chuma cha kuuzwa sokoni hakigongwi taji. Hicho ni chuma cha serikali, alichokabidhiwa askari, na askari hauzi kitara chake. Kilitoka mkononi mwake kwa njia moja tu. 

Rozi alinieleza kwa upole. Fundi wa Lionja alikuja Mnero wiki ile ile ya msiba wa Bibi Tekla, baada ya kusikia nilichosema. Akamweleza Mzee Kasiani kwamba mpini wa Mjerumani ulivunjika zamani, na baba wa fundi ndiye aliyetia mwingine, kutoka kwenye upanga wa pwani uliokatika. Akajitolea kusimama kanisani kuwaeleza watu. Nilimuuliza Rozi kwa nini fundi hakusimama. Nikamuuliza kwa nini mzee alikubali kuitwa Wakala hadi kufa, na yeye anaujua ukweli.

"Baba alikataa," alisema Rozi. "Alisema, aliyosema mtani wangu juu yetu ni uongo, na niliyosema mimi juu yake ni kweli. Mwacheni nayo, azeeke nayo."

 Kisha akaichukua miwani yangu usoni, akaivaa juu ya yake. Akakichukua kitara, akajifunga kanga yangu kiunoni, akatoka nje uwanjani ambako watu walikuwa wanakula, akawaambia wakae chini darasani. Wakakaa, wameanza kucheka. Alikohoa kama mimi. Akachora mpini hewani kwa kidole, na misumari mitatu, akageukia darasa lake, akasema kwa sauti yangu ile ya kufundishia kwamba kifaa hakidanganyi, wanangu, andikeni. Akaonyesha taji kwa kila mtu, mmoja mmoja, akiniigiza nisiyeona. Mwishoni akasema, "Nisameheni, sikusoma vizuri. Mama wa bibi yangu alinunuliwa kwa kaniki, na mimi bado naona kila mtu ana bei."

Kicheko kikapasuka uwanja mzima. Watu waligeuka kunitazama pale mlangoni nilipokuwa nimesimama bila miwani, wakisubiri.

Nikacheka. Nilicheka kwa sauti mpaka machozi yakatoka, na nikanyoosha mkono nipewe kitara, kama alivyofanya Mzee Kasiani siku ile.

"Mtani wangu umesema," nikamwambia.